Kurudisha Kiwandani

Kisanduku cha kumbukumbu kinakaa juu ya kabati la vyombo,
kati ya birika la bibi na redio isiyosema.
Kaka Ausi alikileta mwaka ule korosho ilipopata bei,
akakichomeka waya, akakipa jina, akakipa nywila,
akavuka kwenda Pemba ya Msumbiji na nywila kichwani.

Toka umeme wa Jumanne, uliorudi mara tatu kwa pupa
kama mgeni aliyesahau kofia,
taa yake nyekundu. Ndani kinasaga,
mithili ya jino lililokutana na mchanga kwenye ugali.
Nilizima, nikawasha. Nilipuliza vumbi. Nilitukana kidogo.
Simu ya Ausi: haipatikani, haipatikani.

Nikamwandikia fundi Nampota, yuko Masasi.
Akajibu kwa sauti, jogoo akiwika nyuma yake:
"Kigeuze, kina kitundu. Chukua pini, bonyeza.
Sekunde nne, kinasahau nywila tu.
Sekunde kumi, kinasahau kila kitu.
Hapo ndugu yangu umeshakirudisha kiwandani."

Mama alikuwa anachambua mbaazi. Akanyanyua kichwa.
"Kiwandani? Kipi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.
Miaka kumi na mmoja alibangua korosho hapa hapa Newala,
kibarua namba fulani,
kabla lango halijafungwa kwa mnyororo
na popo kupewa zamu ya usiku.
Mafuta ya ganda yalimla ncha za vidole.
Juzi tu, alipokwenda kusajili laini,
kijana alimfuta kidole kwa kitambaa, mara nne, mara tano,
mashine ikasema hakuna mtu.

"Kiwanda nakijua," akasema. "Kazi yake kuvua ganda.
Ukikisimamia, punje inatoka nzima.
Ukizubaa unapata vipande,
na vipande havina bei."
Akajifuta mikono kwenye khanga. "Lete hiyo pini."

Ndani ya kisanduku: harusi ya Somoe, ambaye sasa hataki kuiona;
stakabadhi za ghala za misimu sita;
cheti changu, ambacho karatasi yake ililiwa na mchwa;
na baba, akikohoa, akiuliza kama simu inarekodi,
akikohoa tena.
Dakika moja na nusu. Hana maneno mengine.

Nilitaka kushika mimi. Mkono ukanitetemeka.
Wake haukutetemeka: hauhisi, akasema, ndiyo faida yake.
Pini ikaingia. Kitu kikalia tik.
Moja.
Mbili. Alihesabu polepole mno,
mwendo wa mtu aliyepunjwa sana kwenye mizani,
nikatamani kupiga kelele, mama, sekunde yako ni ndefu.
Tatu.
"Ncheche," akasema, kwa lugha ya kwao, akachomoa.

Taa zote zikazimika.
Ukungu ulikuwa bado dirishani.
Mbaazi moja ikadondoka, ikabingirika hadi kizingitini,
tukaisindikiza kwa macho wote wawili.

Kisha mngurumo mfupi. Kisha bluu.

Kompyuta ikakitambua bila jina,
herufi na tarakimu tu, kama kilivyotoka kwenye boksi.
Jina alilokipa Ausi limekwenda na maji.
Mafaili yapo. Sikuyahesabu. Nilifungua moja,
baba akakohoa, akauliza kama simu inarekodi.

"Inarekodi," mama akamjibu.

Mashine ikataka nywila mpya.
Nikapendekeza majina ya wajukuu, mwaka wa nyumba, ya kawaida hayo.
Akayakataa yote. Akanitajia namba yake ya kibarua,
tarakimu nne, upesi, bila kuwaza,
kama anayeitika mahudhurio langoni saa moja kasoro.
Sitaiandika hapa.
Ausi akipatikana, aombe kwa adabu.